Januari Mbili za Binti wa Ughaibuni

Jua halina habari na tarehe 1 Januari. Siku hiyo si ndefu wala si fupi kuliko nyingine, haifungui mvua wala haifungi mavuno. Ni tarehe ya kiserikali. Mwaka 153 KK watawala wa Roma walikuwa na vita Hispania na walitaka konsuli mpya awahi kwenda kuongoza jeshi, wakasogeza siku ya kukabidhiana madaraka kutoka katikati ya Machi hadi 1 Januari. Julius Caesar alipoipanga kalenda upya mwaka 45 KK akaiacha hapo hapo. Waingereza, ambao leo hurusha fataki kandokando ya mto Thames usiku wa manane, kwa karne kadhaa walihesabu mwaka wao wa kisheria kuanzia 25 Machi, baridi inapoachia. Walihamia 1 Januari mwaka 1752, na hadi sasa mwaka wao wa kodi huanza 6 Aprili kutokana na mabaki ya hesabu hiyo ya zamani.

Nalitaja hili mapema kwa sababu wako mabinti wengi wanaozungumza Kiswahili, wa Leicester, Minneapolis, Stockholm na Columbus, wanaoingia Januari wakiamini kwamba wiki ya kwanza ndiyo mizani ya mwaka mzima, na kwamba asiyeanza kwa kasi amekwisha chelewa. Mwanzo huo umewekwa katika kipindi ambacho mwili ulioko kaskazini ya dunia hupata mwanga kidogo kuliko wakati mwingine wowote. Juu ya giza hilo likaongezwa tangazo la jimu, picha za watu waliopungua kilo, na simu kutoka nyumbani ada ya shule inapodaiwa. Ninachotetea hapa ni kwamba binti huyu ana haki ya kuupitisha mwezi huu kwa upole, na kwamba upole huo una hoja nzito nyuma yake: za afya, za mila zetu wenyewe, na za fedha.

Tuanze na mwanga. Dar es Salaam, siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote hazipishani hata saa moja. London, mwishoni mwa Desemba, mchana haufiki saa nane. Stockholm ni saa sita hivi. Mtu aliyekulia Tanga au Kisumu hakuwahi kupanga siku yake kwa kuuliza jua litazama saa ngapi, maana linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja, mwaka nenda mwaka rudi. Akifika kaskazini, mwili wake hukutana na jambo ambalo hakuna shangazi wala mama mdogo aliyemwonya. Mwanga wa asubuhi ukiingia jichoni hupeleka taarifa kwenye sehemu ndogo ya ubongo inayoongoza saa ya mwili, na melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, hupungua ili mtu azinduke. Asubuhi isipokuwa na mwanga, saa hiyo huchelewa. Mtu anaamka kwa kengele huku mwili ungali usiku.

Aliyeipa hali hii jina katika tiba ni mhamiaji kutoka Afrika. Daktari Norman Rosenthal alizaliwa Johannesburg, akahamia New York mwaka 1976, na akaona nguvu zake zinamwishia kila majira ya baridi na kurudi siku zinaporefuka. Mwaka 1984, akiwa na wenzake katika taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani, alichapisha maelezo ya kwanza ya kitaalamu ya sonona ya majira: usingizi mwingi usiotosheleza, hamu ya wanga na sukari, kujitenga na watu, huzuni inayokuja na kuondoka na misimu. Kwa makadirio yanayotumika sana, wanne kati ya kila wagonjwa watano ni wanawake, na mara nyingi hali hii hujitokeza kwanza katika umri wa miaka 18 hadi 30. Maana yake hali hii inamlenga hasa binti aliyekwenda kusoma au kutafuta kazi.

Si wataalamu wote wanaokubaliana. Mwaka 2016 watafiti wa Alabama walipitia majibu ya zaidi ya Wamarekani 34,000 na hawakuona sonona ikipanda kwa jumla wakati wa baridi. Nauheshimu utafiti huo, nao unatukumbusha kwamba baridi haimwangushi kila mtu. Lakini dodoso la watu wote haliwezi kumfuta yule mmoja ambaye kila Novemba huanza kuzama, na tiba ya mwanga imewasaidia wengi wa aina yake. Nadhani pia dodoso la jumla halioni tofauti kati ya mtu anayetoka nje mchana kula chakula chake bustanini na mtu anayefanya kazi usiku.

Huyo wa usiku tumtazame kwa karibu, kwa sababu ndugu zetu wengi ni yeye. Chukua binti anayefanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee pale Leicester, zamu ya saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi. Mwanzoni mwa Januari jua la Leicester huchomoza saa mbili na robo asubuhi na kuzama saa kumi na dakika chache jioni. Anatoka nyumbani giza limeshaingia muda mrefu. Usiku anageuza wazee vitandani, anabadilisha mashuka, anapima presha, anaandika taarifa. Anapokabidhi zamu kunaanza kupambazuka, anapanda basi lenye vioo vilivyojaa mvuke, anakula mkate na chai, anafunga pazia saa tatu na nusu. Akiamka saa kumi, jua linaaga. Anaweza kumaliza wiki nzima bila kuliona, kisha mtu akamwandikia kwenye simu kwamba mwaka huu aamke saa kumi na moja alfajiri akimbie kilomita tano. Huko nyumbani watu humwita mbeba boksi, yaani kibarua wa ughaibuni, wengine kwa utani, wengine kwa kijicho. Wachache hujua kwamba boksi zito kuliko yote ni hilo la usiku mfululizo.

Shinikizo la mtandaoni lina sura yake. Ndani ya wiki moja baada ya Krismasi, matangazo ya keki hugeuka kuwa matangazo ya kupunguza tumbo, na walengwa wakubwa ni wanawake vijana. Hata Jumatatu ya tatu ya Januari, inayotangazwa kila mwaka kuwa siku yenye huzuni kuliko zote, ilizaliwa mwaka 2005 katika taarifa kwa vyombo vya habari ya kampuni ya usafiri iliyotaka kuuza safari za likizo. Haina msingi wa kisayansi. Mwaka 2021 nyaraka za ndani za kampuni ya Facebook zilivuja, zikaonyesha kuwa asilimia 32 ya wasichana waliokuwa tayari wanajisikia vibaya kuhusu miili yao walisema Instagram iliwazidishia hali hiyo. Kampuni ilijua.

Kisha kuna changamoto za siku kadhaa ambazo mabinti hupeana kama mashindano. Iliyovuma zaidi, 75 Hard, ilianzishwa Marekani mwaka 2019 na mfanyabiashara Andy Frisella: mazoezi mara mbili kwa siku, dakika 45 kila moja, na moja lazima lifanyike nje, karibu lita nne za maji, mlo usiovunjwa, kurasa kumi za kitabu, picha ya mwili kila siku. Ukikosa kipengele kimoja, hata siku ya sabini, unarudi siku ya kwanza. Sheria hiyo ya mwisho ndiyo inayonisumbua. Inamfundisha binti kwamba juhudi zake zote za nyuma zina thamani ya sifuri siku anapougua, siku basi linapokwama kwenye theluji, au siku mama anapopiga simu akilia.

Hapo tunafika kwenye Januari ya pili, ile ya nyumbani, ambayo makala za Kizungu kuhusu kujitunza huigusa kwa nadra. Afrika Mashariki ni mwezi wa joto na wa njaa. Wakenya wameuita Njaanuari, na kila mtu anayepokea mshahara anajua kwa nini: wa Desemba umelipwa mapema na umekwisha mapema. Shule zinafunguliwa. Tanzania ilifuta ada katika shule za serikali, za msingi hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016, lakini sare, viatu, madaftari na michango vimebaki. Anayekwenda bweni ana orodha inayojaza kurasa mbili: godoro, ndoo, shuka, sanduku la chuma, fagio, jembe, rimu ya karatasi. Matokeo ya kidato cha nne nayo kwa kawaida hutoka mwezi huo huo, na pamoja nayo hesabu mpya za nani atamlipia nani.

Ujumbe unaingia hivi: "Shikamoo dada. Heri ya mwaka mpya. Tunafungua Jumatatu, mama kasema nikuambie mapema." Hakuna neno baya ndani yake. Mdogo mtu ameandika kwa adabu, amesalimu, hata kiasi hakutaja. Lakini dada anaupokea akiwa kitandani saa kumi jioni, na kabla hajanawa uso ameshaanza kujumlisha: kodi ya nyumba, bili ya gesi inayopanda kwa sababu ya hita, nauli, na sasa godoro. Kesho yake shangazi anapiga simu ya heri. Atauliza afya, atauliza baridi, na kabla ya kukata atauliza: "Na mwaka huu, mwanangu, unatuletea mkwe?" Kwenye kundi la familia la WhatsApp binamu wa Mwanza ametuma picha ya msingi wa nyumba aliouanza.

Siwalaumu wanaoomba. Kutumiana ni uti wa mgongo wa familia zetu, na wengi wa mabinti hawa walisafiri kwa michango ya ukoo. Ninachosema ni kwamba Januari mbili zikikutana katika mwili mmoja, ile ya baridi inayomtaka awe mtu mpya na ile ya joto inayomtaka awe benki, kumwambia anunue mshumaa wenye harufu na aoge kwa mapovu ni kumkosea heshima. Kujitunza kwake lazima kuguse mwanga, usingizi na pesa.

Kabla ya kufika huko, tujibu pingamizi ambalo kila mzazi wa Kiswahili atalitoa: upole si uvivu wa kisasa? Mtu asipojisukuma atafika wapi? Ni swali la haki, na tunayo majibu yaliyopimwa. Nchini Sweden, watafiti waliwafuatilia watu 1,066 waliojiwekea maazimio ya mwaka mpya na kuchapisha matokeo mwaka 2020. Waliojiambia "nitafanya" walifanikiwa kwa asilimia 58.9 baada ya mwaka mmoja. Waliojiambia "nitaacha" walifanikiwa kwa asilimia 47.1. Anayesema "nitakula tunda kila asubuhi" ana nafasi kubwa kuliko anayesema "sitagusa sukari tena". Huko London mwaka 2010, Phillippa Lally na wenzake walipima muda ambao tendo dogo la kila siku huchukua kuwa mazoea. Wastani ulikuwa siku 66, lakini watu walitofautiana kuanzia siku 18 hadi 254, na kukosa siku moja hakukuvuruga mazoea yaliyokuwa yanajengeka. Matokeo hayo yanakwenda kinyume kabisa na sheria ya kurudi siku ya kwanza. Na mwaka 2012, Juliana Breines na Serena Chen wa California waliwapa wanafunzi mtihani mgumu. Baada ya kufanya vibaya, walioelekezwa kujihurumia walisoma kwa muda mrefu zaidi kujiandaa na mtihani wa pili kuliko wengine. Anayejitukana, nadhani, huishia kuukimbia mtihani.

Kwa Mwislamu, hili halihitaji maabara. Mwezi wa Ramadhani ni badiliko kubwa la mwenendo kuliko azimio lolote la Januari: mlo, usingizi, ulimi, vyote hubadilika kwa siku ishirini na tisa au thelathini, na mamilioni hulimaliza kila mwaka. Hulimaliza kwa sababu hakuna anayefunga peke yake; kuna wa kumwamsha daku na wa kukaa naye futari. Na sheria yenyewe imeweka upole ndani: mgonjwa, msafiri, mwanamke aliye katika siku zake, wote hufungua, na siku walizokosa huzilipa baadaye. Zile walizofunga zinabaki zimefungwa. Katika miaka hii Ramadhani imeingia majira ya baridi ya kaskazini, na mwaka 2028 itaanza mwishoni mwa Januari, mchana mfupi na watu wamejaa msikitini jioni. Kwa mabinti wengi wa Minneapolis na Birmingham huo utakuwa mwanzo wa mwaka wenye maana kuliko ule wa fataki.

Mila zetu zinajua sana kumtunza mwanamke. Mzazi hukaa arobaini: anakandwa kwa maji ya moto, ananyweshwa uji wa pilipili manga, au mtori ikiwa ni Uchagani, na mtu wa kumpokea mtoto yupo usiku na mchana. Bibi harusi wa Unguja hufanyiwa singo. Maua na viungo hutwangwa, anasuguliwa mwili mzima na mwanamke mkubwa anayejua kazi yake, anafukizwa udi, wala haruhusiwi kubeba hata ndoo. Mjane hukaa eda, na watu humletea chakula. Tazama vizuri orodha hiyo. Mwanamke hupewa ruhusa ya kupumzika akiwa amezaa, ameolewa au amefiwa. Binti wa miaka ishirini na nne ambaye hajaolewa, hana mtoto na hajafiwa, hana msimu wowote katika mila ambapo mtu mwingine atamwekea maji ya moto. Yeye ndiye anayetumwa kuyachemsha. Akisema amechoka, ataulizwa amechoka na nini. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye pengo, na ndipo majira ya baridi yanapoweza kupewa kazi: miezi miwili au mitatu ambamo binti asiye na sababu ya kimila naye anastahili uji, mafuta na mtu wa kumkanda mabega.

Na jambo hili tayari linafanyika bila kupewa jina. Jumapili moja ya Januari, katika sebule ya mtu, mabinti watano wamekaa chini kwa mpangilio wa kusukana: mmoja kwenye mto sakafuni, mwingine nyuma yake kwenye kochi na chanuo mdomoni, rasta zimetandazwa kwenye mgongo wa kiti zikiwa zimeshakatwa na kuchambuliwa. Jikoni chai ya maziwa ina tangawizi na hiliki, na sufuria ya ndizi za nyama inachemka. Kopo la mafuta ya nazi limeganda kama jiwe, mtu analiweka juu ya redieta liyeyuke. Baridi na hita hukausha ngozi na nywele za Kiafrika kupita kiasi, kwa hiyo mafuta hupakwa mwili ungali na unyevu wa kuoga, na kichwa kilichosukwa hukingwa dhidi ya upepo. Kazi yenyewe ni saa nne au tano. Katika saa hizo mmoja atasema ameachwa, mwingine atasema hajalala vizuri tangu Novemba, mwingine ataonyesha barua ya ofisi ya uhamiaji asiyoielewa. Saluni ingemaliza mshahara wa siku mbili na isingempa hata moja ya mazungumzo hayo.

Nalisisitiza hili kwa sababu kujitunza kumegeuzwa bidhaa. Mshairi Audre Lorde, mwanamke mweusi wa New York aliyezaliwa na wazazi kutoka Karibi, alichapisha mwaka 1988 maandishi juu ya kujitunza akiwa anaishi na saratani iliyofika kwenye ini. Alikuwa anazungumzia kubaki hai ili aendelee kupigania haki. Wazo hilo limefanyiwa biashara hadi likawa seti ya krimu. Binti asidanganywe kwamba anahitaji kununua chochote ili aanze.

Kama angeniuliza aanze na nini, ningemwambia mwanga, tena ningemwambia kabla ya mazoezi na kabla ya mlo. Sebule yenye taa usiku huwa na luksi hamsini hadi mia. Ofisi nzuri luksi mia tatu hadi mia tano. Nje, hata siku ya mawingu ya baridi, ni luksi maelfu. Dakika ishirini au thelathini za kutembea ndani ya saa chache za kwanza za asubuhi, bila miwani ya jua, ni tiba isiyolipiwa. Asiyeweza kutoka anaweza kutumia taa maalumu ya luksi 10,000 iliyochujwa miale ya urujuanimno, kwa nusu saa asubuhi wakati anakunywa chai. Mwenye ugonjwa wa macho au mwenye historia ya hisia kupanda na kushuka kupita kiasi amwone daktari kwanza, kwa sababu mwanga mkali unaweza kumdhuru. Na yule wa zamu ya usiku hesabu yake ni nyingine: akirudi asubuhi avae miwani ya giza ili usingizi usimkimbie, mwanga mkali aupate anapoamka, na siku zake za mapumziko atoke saa sita mchana hata kama ni kwenda dukani tu.

La pili ni vitamini D, ambayo ngozi hutengeneza kwa jua na ambayo ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi kuitengeneza. Huduma ya afya ya Uingereza hushauri kila mtu afikirie kumeza maikrogramu 10 kwa siku wakati wa vuli na baridi, na watu wenye asili ya Afrika, pamoja na wanaofunika sehemu kubwa ya mwili, wafikirie kumeza mwaka mzima. Katika makundi yote mawili wamo binti zetu. Vidonge hivyo ni vya bei ya chini, na ni kwa ajili ya mifupa na misuli. Asiahidiwe kwamba vitamwondolea huzuni, maana ushahidi wa hilo umekuwa wa kuyumba.

Kuna utafiti wa Kari Leibowitz wa Marekani uliofanyika Norway, pamoja na Tromsø, mji ambao jua halichomozi kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Aligundua kwamba wakazi wa kaskazini zaidi walikuwa na mtazamo mzuri zaidi kuhusu baridi, wakiiona kuwa wakati wa mishumaa, theluji na kukaa pamoja. Napenda matokeo hayo na sitaki yapuuzwe; mtazamo ni nguvu. Ila wakazi wengi wa Tromsø wana nyumba zenye joto, likizo ya kulipwa na kazi wasizohofia kufukuzwa nchini wakizipoteza. Mwenye chumba chenye ukungu ukutani hawezi kuambiwa aipende baridi.

Sasa la kalenda. Kwa kuwa 1 Januari ilipangwa na watu, binti anaweza kupanga vingine. Azimio kubwa, la mazoezi, la masomo, la kubadilisha kazi, alisogeze hadi wiki ya 20 Machi, usiku na mchana vinapolingana na kuanzia hapo mwanga unazidi giza. Wairani na Wakurdi husherehekea mwaka wao siku hiyo. Sisi wenyewe tuna Nairuzi iliyotoka kwao: Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, ambao kwa kuwa kalenda yake ya siku 365 haina mwaka mrefu umesogea taratibu hadi Julai, wakati wa kipupwe. Tazama unachodai mwaka mpya huo. Wanaume hupigana kwa mapande ya migomba wamalize kinyongo cha mwaka uliopita, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake huvaa vizuri na kuimba, mgeni hakosi chakula. Hakuna anayeulizwa amepungua kilo ngapi. Madeni ya moyo yanalipwa hadharani, pamoja, na kwa siku chache yamekwisha. Januari ya ughaibuni ingetosheka na kitu kidogo cha namna hiyo: kumpigia mtu mliyenuniana, kisha kungoja Machi.

Na pesa. Hapa ndipo nina msimamo mkali kuliko kwingine kote, kwa sababu naona mabinti wakitafuta amani ya moyo huku daftari la madeni limefunikwa. Mazungumzo ya Januari yafanyike Novemba. Kwa sauti, si kwa maandishi, na kwa mkubwa wa familia, si kwa mdogo aliyetumwa: "Mama, shikamoo. Shule zikifunguliwa nitakuwa na kiasi hiki. Nimeshakiweka pembeni. Zaidi ya hapo mwezi huo sitaweza, hadi Machi." Kauli hiyo ni ngumu kuitamka mara ya kwanza. Inaweza kuleta kimya cha wiki. Lakini humpa mama nafasi ya kupanga na mjomba, kuuza mahindi mapema, au kununua godoro la bei nafuu, na humwondolea binti fedheha ya kusema "sina" akiwa amebanwa. Ndugu walio nyumbani nao wana sehemu yao. Shangazi anaweza kuuacha mwezi huu upite bila swali la mkwe, na anayetuma orodha anaweza kutuma pia habari za kawaida: embe zimeiva, bibi amepona mguu, paka amezaa kabatini. Simu isiyoomba kitu ni tiba ambayo haiuzwi kokote.

Mipaka ya haya yote iko wazi. Uji na kusukana havipandishi ujira wa saa, havimpi mtu ratiba ya kazi inayotabirika, wala havifuti hofu ya kibali kinachofungwa kwa mwajiri mmoja. Mengine ni ya vyama vya wafanyakazi na ya mwanasheria. Na ikiwa huzuni imekaa zaidi ya wiki mbili mfululizo, hamu ya kula na kuishi imepungua, au mtu amefikia kuwaza kwamba bora asiwepo, hapo ni ugonjwa, nao una matibabu: tiba ya mazungumzo, dawa, mwanga wenye usimamizi. Kelly Rohan wa Vermont ameonyesha kwamba waliofundishwa tiba ya mazungumzo kwa ajili ya sonona ya majira walirudiwa na hali hiyo mara chache zaidi baridi ya pili kuliko waliotumia taa peke yake. England mtu anaweza kujiandikisha mwenyewe kwa tiba hiyo bila kupitia kwa daktari. Simu ya bure ya Samaritans kote Uingereza ni 116 123 saa zote, na Marekani ni 988. Akihitaji mkalimani wa Kiswahili amwombe wakati wa kuweka miadi, na awe mkalimani wa kazi hiyo, asiwe ndugu wala mtoto wa jirani aliyekijua Kiingereza mapema, kwa sababu kuna mambo binti hatayasema mbele ya mtu atakayekutana na mama yake.